Rozari Kumi na Nne hadi Mtanga

Barabara tunaijua. Mwandiga, Kidahwe, lami,
malori ya saruji yanayotusukumia mitaroni,
na Kasulu, ambayo kila mwaka huwa mbali kuliko mwaka jana.
Miaka tisa tumekwenda Kabanga hivyo,
ziwa tumelilipa kisogo
kama mtu aliyemnunia mkwewe.

Mwaka huu mimi, katibu, nimechora mstari mwingine
nyuma ya karatasi ya mtihani wa darasa la sita
(upande wa mbele Edita amepata kumi na moja ya hamsini,
anisamehe):
Kibirizi, Kalalangabo, mchanga, mawe,
mchanga tena, Mtanga,
kisha kuliacha ziwa na kupanda, magoti yakigusa kidevu,
hadi kwenye mibuni ya Kalinzi.

Anatoli hana saa, wala simu yenye ramani.
Tulipokwenda kupima njia, alipima kwa rozari.
Kibirizi hadi mchikichi ulioinama: mbili.
Kutoka hapo hadi mwamba mweupe kwa kinyesi cha ndege:
tatu na makumi mawili,
maana katikati alisimama kununua mgebuka wa kuchoma
na Salamu Maria moja ikakwama na mwiba.
Nikaandika yote. Kivuli: mchikichi huo huo, watu sita.
Maji ya kunywa: ziwa, ila yachemshwe.
Wanawake wameanika dagaa ufuko mzima;
piteni ukingoni, msikanyage riziki ya mtu
mkiwa njiani kwenda kuomba ya kwenu.

Ipo sehemu ambapo ufuko unakwisha.
Mlima umetumbukiza mguu majini.
Tukavua viatu. Maji yakafika mapajani,
Anatoli akainua rozari juu ya kichwa
kama mtu anayetafutia redio mawimbi.
Chini, kila jiwe lilionekana,
na samaki wadogo wa mistari wakatuzunguka
bila kuuliza tunatoka parokia gani.
Nilicheka. Nakiri, nilicheka kwa sauti,
na mpaka tulipotoka ng'ambo
sikukumbuka kusali.

Hapo ndipo Ruhomvya aliponibana kwenye kikao.
"Hija si matembezi. Mnataka toba yenye mandhari?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Mweka hazina akakohoa,
akajumlisha upya gharama ya boti ya dharura,
ikatoka ile ile.

Kisha Gaudensia, ambaye miaka yote tisa
hutembea wa mwisho, kandambili mkononi,
akauliza kama njia hiyo inapita Mtanga penyewe, kule chini,
au inakata kwa juu kabla ya kijiji.
"Inapita," nikasema.
"Mchangani?"
"Mchangani."
Akanyamaza. Tukakumbuka sote, tumechelewa,
boti ya mwaka ule, na nani alikuwa ndani yake,
na kwamba tangu hapo hata maji ya kuoga
huyapangia foleni bombani
na ziwa liko hatua mia kutoka mlangoni kwake.
"Niandike," akasema. "Huko.
Ila tukifika msiniimbishe."

Barabarani, majina thelathini na manane.
Ufukweni, kumi na moja,
na la Ruhomvya, lililoandikwa kotekote likafutwa kotekote
hadi karatasi ikachubuka.

Usiku huu narekebisha mstari kwa penseli.
Pale mlima unapoingia majini sijachora kitu.
Nimeandika: vueni viatu.
Pale Mtanga nilitaka kuweka muda wa kupumzika,
rozari moja, au mbili.
Nikaacha nafasi wazi, kubwa kuliko inavyohitajika.
Na pembeni kabisa, nisije nikasahau, agizo la Anatoli:
chumvi, ya samaki.